Swali Nililoulizwa Nikiwa Nimesimama

Jumapili iliyopita nilimpeleka kifungua mimba wangu soko la Kibuye kumtafutia sidiria. Ana miaka 13 sasa na ameshanipita kimo. Tulikuwa tumeinamia rundo la mitumba, muuzaji anaimba bei, jua la Kisumu limeanza kuchoma na saa nne haijafika, aliponinong'oneza, "Mama, Dani anasema wewe ulikatwa matiti. Ni kweli?" Dani ni nyanya yake.

Nikamwambia sikukatwa, nilipunguzwa. Kisha nikanyamaza, kwa sababu neno hilo lilinirudisha Mei 2017, peku, juu ya sakafu baridi.

Ya kabla ya siku ile nitayapitia upesi. Nilikuwa navaa sidiria mbili, moja juu ya nyingine, na bado mikanda ilinichimba mitaro mabegani ambayo kidole kilizama. Chini ya matiti, kwa joto letu hili la ziwani, ngozi haikukauka kamwe: vipele, michubuko, poda, krimu ya fangasi, kisha vipele tena. Usiku vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi. Watu wa bima walisema upasuaji wa kupunguza matiti ni urembo, hawalipii. Neno hilo linaniuma hadi leo. Mtu anayelala ameketi kwa sababu shingo imekataa mto hatafuti urembo. Nikachukua mkopo wa sacco, nikapewa tarehe ya Desemba 2016, na tarehe hiyo ikamezwa na mgomo wa madaktari uliodumu siku 100. Nilipopata nyingine, ilikuwa Mei.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi sista aliniambia nishushe gauni la hospitali hadi kiunoni, nisimame wima, mikono niiache ining'inie. Daktari akavuta kigoda akaketi mbele yangu. Mkononi alikuwa na futikamba kama ya fundi cherehani, na kalamu ya wino wa zambarau. Niliona haya, nikauliza kama ningeweza kulala kitandani.

"Hapana, mama. Ukilala yanamwagikia kwapani, na vipimo vyote vinapotea. Lazima nione unavyoyabeba."

Unavyoyabeba. Tangu nikiwa darasa la saba watu walikuwa wameyatazama matiti yangu, wameyacheka, wameyasifu, wameyaombea. Hakuna aliyewahi kusema kwamba nayabeba. Machozi yalinitoka na sista akadhani naogopa kisu.

Daktari aliweka ncha ya futikamba kwenye kishimo cha chini ya koo, akaivuta hadi kwenye chuchu. Kulia sentimita 36. Kushoto 38. Sista akaandika. Kisha akarudi juu, akatia kitone kwenye sentimita 23, akasema, "Chuchu itahamia hapa." Kutoka kwenye kitone akazungusha duara, chini ya duara akashusha mistari, kisha akafuata mkunjo wa chini wa titi, kutoka karibu na kwapa hadi katikati ya kifua. Juu ya sinki kulikuwa na kioo. Niligeuza macho nikaona nanga mbili za zambarau zimechorwa mwilini mwangu, nikakumbuka mitumbwi ya Dunga.

Alizungumza huku anachora. Kovu litafuata mstari huu huu, na halitafutika. Litafifia kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kama yetu kovu huweza kuvimba likawa keloidi, kwa hiyo akanishika ndewe za masikio, akazigeuza na kupapasa nyuma ya matundu ya hereni kuona yalipona vipi. Akauliza kama nimeacha ile mitishamba ya mgongo ambayo mama yangu alinichemshia, maana baadhi ya dawa hizo, kama aspirini, hufanya damu ivuje kupita kiasi. Nilikuwa nimeacha wiki mbili kabla. Akaeleza kwamba chuchu hataiondoa, ataiacha imeshikamana na kipande cha nyama chenye mishipa yake ya damu na ya fahamu, kisha aipandishe pamoja nacho. Hata hivyo mirija mingine ya maziwa lazima ikatike. Hisia inaweza kupungua, inaweza kupotea kabisa, inaweza kurudi baada ya miezi. Hakuahidi.

Halafu akainua kalamu, akanitazama usoni.

"Mama, utataka kunyonyesha tena?"

Si kwamba nilikuwa sijaulizwa. Kliniki aliniuliza, na kwenye karatasi nilizotia sahihi jambo hilo liliandikwa. Lakini kliniki nilikuwa nasikiliza mgongo wangu tu. Kulisikia swali lenyewe, nililisikia pale, nusu uchi, wino ukikauka kifuani.

"Nimemaliza, daktari," nikasema. Nilijibu kwa haraka kama abiria anayerusha nauli matatu imeshaondoka.

Sista aliacha kuandika. "Una miaka mingapi, dada?"

"31."

Daktari hakushusha kalamu. "Ukisema tungoje, tutangoja. Mgongo wako utaendelea kukuuma, sikufichi, lakini tutangoja."

Nilitazama kioo. Nilifikiria mkopo ambao ulikuwa umeanza kukatwa kwenye mshahara. Nilifikiria zile siku 100. Nilifikiria kitanda nilichokuwa nalala peke yangu tangu mwaka uliotangulia. Nani angezungumza nami habari ya mtoto mwingine?

"Endelea," nikasema. Akatia alama ya mwisho.

Nusukaputi, muda wa saa tatu na ushei thieta, kisha nikaamka na bandeji kifuani na mipira miwili myembamba ikitoa damu kwenye chupa. Walikuwa wameondoa karibu kilo 2 kwa jumla, zikapelekwa maabara kuchunguzwa, kama ilivyo desturi, zisije zikawa zinaficha saratani. Kilo 2. Mwezi ule ule watu walikuwa wanapanga foleni madukani kutafuta pakiti ya unga ya kilo 2 kwa shilingi 90, na mimi pakiti kama hiyo nilikuwa nimeining'iniza shingoni miaka yote. Nilipoketi kitandani kwa mara ya kwanza nilisikia wepesi kabla sijasikia maumivu.

Wiki sita nilivaa sidiria ya kufungia mbele, usiku na mchana. Sikuinua mtungi wa maji, sikupanda bodaboda, sikumbeba mtoto, ambaye alikuwa na miaka 5 na hakuelewa kwa nini mama anamnyooshea mkono mmoja tu. Wiki ya tatu kidonda cha kushoto kikafunguka pale chini, mahali mistari inapokutana. Daktari alikuwa amenionya kwamba hapo ndipo hukawia kupona. Hakuna aliyenionya kwamba Juni hiyo wauguzi nao wangegoma. Nikawa naenda kusafishwa kidonda kwenye kliniki ndogo ya kulipia, siku moja ndiyo, siku moja hapana, mpaka kikajifunga. Mama alikuja kutoka Bondo, akalitazama kovu muda mrefu, akasema, "Nyathina, mwanangu, hata mimi mgongo uliniuma." Hakusema zaidi.

Vipele havikurudi. Vidole viliamka. Nalala chali, kifudifudi, nitakavyo. Mabega bado yana mitaro, ila mifupi.

Kisha mwaka 2020 akaja kitinda mimba, kutoka kwenye maisha ambayo ile asubuhi sikujua kwamba yapo. Titi la kulia lilitoa maziwa, si mengi. La kushoto matone. Na la kushoto halina hisia hata leo, kwa hiyo mtoto alipolishika ilinibidi nimtazame kujua kama ananyonya. Mashavu yalicheza, koo likameza, mimi sikusikia kitu. Mamamkwe alikuwa ameketi pembeni na kopo la maziwa, hakunilaumu, alikoroga tu. Mtoto akanawiri kwa maziwa ya kopo na yale machache yangu.

Wanawake wananiandikia kuniuliza kuhusu bei, makovu, siku za kurudi kazini. Nawajibu yote. Lakini natamani kwanza walichukue swali lile la kunyonyesha wakakae nalo nyumbani, wamevaa nguo zao, mlango umefungwa, bila mtu aliyeinua kalamu. Wengine watajibu kama mimi. Huenda hata mimi ningejibu vile vile. Nimejaribu kujua, siwezi.

Pale Kibuye nilimsimulia binti yangu karibu yote haya, sauti ya chini, katikati ya kelele. Aliendelea kukunjua na kukunja sidiria moja nyeupe, akaipima juu ya blauzi yake. Nilimkagua mabega bila kutaka. Bado ni laini.

"Kwa hiyo mtoto wetu alinyonya upande mmoja," akasema.

"Ndiyo."

"Ungejua atakuja, ungemngoja?"

Muuzaji akasema hiyo ni shilingi 80. Nikampa noti ya 100 na kungojea chenji, na binti yangu akabaki ananitazama.