Sikukuu ya Stefano na zamu ya zizini

Masomo: Matendo 6:1–7, Luka 13:15, Mithali 12:10

Wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi.

Tarehe 26 Desemba makanisa ya Magharibi humkumbuka Stefano, shahidi wa kwanza. Ufini siku hiyo huitwa Tapaninpäivä, nayo tangu zamani ni siku ya farasi. Krismasi yenyewe watu hukaa kimya majumbani. Kesho yake farasi hufungwa sleji, yaani gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, huvishwa njuga, na babu, shangazi na wajukuu huzungushwa kwenye barabara za theluji. Katika vijiji vya Austria na Slovenia farasi huletwa mbele ya kanisa siku hiyo hiyo wabarikiwe. Waumini wasemao Kiswahili, wengi wao wenye asili ya Kongo, ni sehemu ya Ufini ya leo, na baadhi yenu mtaalikwa na majirani wafugaji. Tafakari hii ni yenu kwanza.

Ukisoma Matendo sura ya 6 na ya 7 hutamkuta farasi hata mmoja. Farasi waliongezwa na mapokeo ya watu wa vijijini. Utakachokuta ni chakula. Wajane walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakazuka, ndipo kanisa likachagua watu saba wahudumu mezani, wa kwanza kutajwa akiwa Stefano. Kwa hiyo huyu tunayemfanyia sikukuu alipewa kazi ya kuangalia ni nani hajafikiwa na sahani. Basi nyumba yenye farasi ijiulize: sikukuu hii nani amesahauliwa?

Mara nyingi ni aliye zizini. Tazama ratiba ya mkesha wa Krismasi kule Ufini: sauna (bafu ya mvuke), makaburini kuwasha mishumaa, chakula kirefu, zawadi. Farasi akilishwa saa nane mchana ili watu wawahi, kisha asionwe hadi saa tatu asubuhi, amekaa saa 19. Tumbo lake halikuumbwa kwa mwendo huo. Tumbo la farasi ni dogo, lita 8 hadi 15 tu kwa mnyama wa kilo 500, na tindikali hutiririka ndani yake mchana na usiku, awe anakula au hali. Likikaa tupu, tindikali huunguza ukuta wake na vidonda huanza. Asipitishe muda wa saa sita bila nyasi kavu. Nne ni afadhali. Kwa siku nzima farasi wa uzito huo anahitaji kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu, na baridi ikizidi, zaidi ya hapo, kwa sababu nyasi zinapochachuka katika utumbo mkubwa ndizo zinazompasha joto. Mgeni akimwonea huruma mnyama kwa baridi, asikimbilie nafaka. Amwongezee nyasi.

Kisha maji, na hapa Bwana Yesu mwenyewe ametutangulia. Katika Luka 13 hakuna aliyebisha kwamba siku ya sabato ng'ombe na punda hufunguliwa zizini wakanyweshwe. Alilichukua kuwa jambo linalojulikana na kila mtu. Farasi wetu, hata asiyefanya kazi, hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku. Maji yakikaribia kuganda hunywa kidogo, nyasi kavu hukwama utumboni, na ndipo huanza yale maumivu ya tumbo yanayoua farasi wengi. Kuvunja barafu ya juu ya ndoo hakutoshi, maana yaliyobaki chini bado ni baridi kali. Changanya maji ya moto mpaka yawe vuguvugu, mpelekee angalau mara tatu kwa siku, na chumvi gramu 25 hadi 30 ili asikie kiu. Theluji haihesabiwi kuwa maji.

Mithali 12:10 inasema mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake, bali huruma za mwovu ni ukatili. Nusu ya pili tunaipita haraka. Huruma nayo yaweza kuwa ukatili, na kwa farasi haihitaji mtu mwovu. Yatosha mjomba mkarimu asiyejua. Wafini humwekea ndege mganda wa oti, aina ya nafaka, nje wakati wa Krismasi, desturi nzuri sana. Mtoto akiuona atataka farasi naye apate wake. Oti ina wanga mwingi: kwa farasi wa kilo 500, mlo mmoja usizidi takriban kilo moja, na asiyezoea aanzishwe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 14. Wanga ukizidi humwagikia utumbo mkubwa, vijidudu vizuri hufa, gesi hujaa, na kwato nazo zaweza kuvimba ndani. Farasi hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia kimeingia.

Biskuti za tangawizi, chokoleti na mkate wa jana vibaki mezani. Karoti ikatwe vipande virefu kwa urefu wake. Vile vya mviringo humkaba koo. Na anayepamba mlango wa zizi kwa matawi ya kijani ahakikishe hakuna tawi la yew, mti wa bustani wenye majani membamba ya kijani, ambao ni sumu kali: majani kidogo yanatosha kumwangusha farasi mzima, pengine kabla daktari hajafika.

Watoto waingie pamoja na mtu mzima. Farasi haoni kilicho nyuma yake kabisa, wala kilicho chini ya pua yake, kwa hiyo msogelee upande wa bega la kushoto ukisema naye. Mpe karoti juu ya kiganja kilichonyooshwa, kidole gumba kimebanwa. Kamba isizungushwe mkononi kamwe. Akishtuka atakuburuta nayo.

Siku ya safari yenyewe, njuga zisiwe jambo jipya kwake. Sleji haina sauti kwenye theluji, na njuga ndizo zinazomwonya mwenye kutembea gizani, lakini farasi asiyezizoea atazikimbia, nazo zitamfuata. Zipigwe karibu naye wakati wa kula siku kadhaa kabla. Zekaria 14:20 inatabiri siku ambayo hata njuga za farasi zitaandikwa kuwa takatifu kwa Bwana, na mimi naona utakatifu huo waweza kuanza kwa kutomtisha mnyama. Lijamu la chuma lipashwe mikononi kabla ya kuingia kinywani, maana chuma cha baridi kali hunata kwenye ulimi. Kiganja bapa kipite kati ya kola, ile pete nene ya shingoni anayovutia sleji, na koo. Viatu vya farasi viwe na misumari ya barafu. Theluji iliyogandamana chini ya kwato ikwanguliwe kila mnaposimama. Dakika 15 za mwisho atembee polepole, kisha afunikwe blanketi la sufu hadi jasho likauke. Mwanga wa kusini mwa Ufini siku hizo hauzidi muda wa saa sita, kwa hiyo anzeni mapema, wala msimfanye arudie mzunguko kwa kuwa binamu mmoja alichelewa kuamka.

Akiangalia ubavu wake mara kwa mara, akiparapara chini, akijigaragaza au akikosa kinyesi, ondoeni chakula na mpigieni daktari wa mifugo papo hapo. Akiwa ametulia, mapigo ya moyo wake ni 28 hadi 44 kwa dakika. Mhesabuni, daktari ataliuliza hilo kwanza. Msimpe dawa ya binadamu.

Zamu ziandikwe kwenye karatasi kabla ya tarehe 24, wageni nao wakiwemo, jina la mtu kando ya kila saa: asubuhi, adhuhuri, jioni, na saa nne usiku. Wa saa nne usiku asionje divai. Namba ya daktari wa zamu iwe juu ya karatasi hiyo hiyo, maana kliniki nyingi zitakuwa zimefungwa, na karatasi itundikwe mlango wa jikoni, pale kila anayekwenda kuongeza chakula atakapoiona.