Lagos, kusini mwa Ureno

Jamani, mkijaliwa kufika Ureno, teremkeni hadi Lagos, mji wa pwani kule Algarve. Wengi hufuata Ponta da Piedade, na kwa kweli panastahili: majabali ya rangi ya dhahabu yameliwa na bahari yakawa matao na mapango, na boti ndogo zinapenya humo humo. Nahodha wetu alizima injini ndani ya pango moja, tukaona mawe ya chini kabisa kwenye maji ya kijani.

Lakini kilichonishika ni jengo dogo la Mercado de Escravos, yaani Soko la Watumwa. Mwaka 1444 meli zilishusha mjini hapa Waafrika 235 waliotekwa. Wakagawanywa mafungu, mama huku na mtoto kule, mbele ya Mwanamfalme Henrique wa Ureno, aliyedhamini safari za meli za Afrika, akiwa juu ya farasi; fungu lake lilikuwa sehemu ya tano. Sanamu yake imesimama kwenye uwanja ule ule lilipo jengo hilo! Mwaka 2009, kabla ya kujenga maegesho ya magari nje ya kuta za mji wa kale, wanaakiolojia walifukua mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 iliyokuwa jaani. Baadhi yao walitupwa wakiwa wamefungwa. Mimi mtu wa Bagamoyo niliganda pale.

Mkienda, anzeni na jengo hilo, boti baadaye. Kama kuna nafasi, fikeni na kwenye rasi ya Cabo de São Vicente penye mnara wa taa; bebeni koti, upepo wa kule si wa mchezo.