Silikanti akiwa hai

Jumapili nilikuwa Kigombe, huku Tanga, kwa mjomba, tumekaa nje baada ya kula nikamwonyesha kwenye simu video ya silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu, akiwa hai, kule chini kwenye mapango, katulia tu anapunga mapezi moja moja kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Mjomba kaisogeza simu mpaka puani, kimya, video ikaisha akairudisha mwenyewe mwanzo. Halafu akasema, "Kumbe ndo anakaa hivi. Sie tulimjua maiti tu, mjomba."

Na kweli, maana ye ni mmoja wa wale waliomtoa na jarife, ule wavu mkubwa wa papa, miaka ile ya 2004 na 2005, walikuwa wanatafuta papa wakawa wanashusha nyavu kwenye kina kirefu, wakivuta wanakuta dude zito la bluu lenye mabaka meupe, magamba yanakwaruza kama msasa, mafuta yanamvuja mpaka mikono inateleza, na nyama yenyewe hailiki. Anasema jicho lake likipigwa tochi linawaka kama la paka.

Dunia ya sayansi ilimwona kwanza mwaka 1938 kule East London, Afrika Kusini, dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, alimkuta kwenye samaki wa meli ya uvuvi. Kabla ya hapo walimjua kwa masalia yaliyogeuka mawe tu, wakiamini katoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Profesa J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki, akahangaika miaka 14 kumpata wa pili, akasambaza mpaka vikaratasi vya kuahidi zawadi, na alipopatikana kisiwa cha Anjouan, Komoro, mwaka 1952 ikaonekana wavuvi wa huko wanamjua siku zote, wanamwita gombessa. Mi hapo huwa nasimama kidogo. Wa kwanza kumshika ni wavuvi, kila mahali, na Tanga vilevile.

Ila kuna kitu jarife haliwezi kukwambia, ni namna anavyoishi. Hicho kimeletwa na safari za utafiti. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka Komoro na nyambizi ndogo ya watu wawili, ndo mara ya kwanza silikanti anapigwa picha kwake, na kidogo kidogo ikajulikana mchana wanajibanza mapangoni, usiku wanatoka kuelea na mkondo, na saa nyingine anasimama kichwa chini mkia juu. Mwaka 2007 watafiti wa Aquamarine Fukushima, jumba la maonyesho ya samaki la Japani, wakaja hapa hapa Tanga na roboti yenye kamera, wakawapata wakiwa hai kwenye maji yetu. Mabaka yake nayo kila mmoja ana yake, watafiti wanayatumia kuwatambua mmoja mmoja.

Nilipomwambia mjomba kwamba mwaka 2021 wanasayansi wa Ufaransa walisoma mistari midogo kwenye magamba, kama unavyosoma miaka kwenye gogo la mti, wakakadiria anaweza kuishi karibu miaka 100, jike linafika miaka hamsini na kitu ndo linaanza kuzaa, na mimba inakaa kama miaka mitano, mzee aliweka simu chini. "Mitano?" Mitano mjomba. Kanitazama. "Na tulikuwa tunawatupa pale mchangani."

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ipo tangu 2009, kilomita za mraba 552, kuanzia Pangani kupanda mpaka kaskazini ya jiji. Nafurahi ipo, na naamini kabisa jarife la kina kirefu halifai kwenye ile miteremko. Lakini mjomba kavua humo maisha yake yote na ile video kaiona Jumapili hii, kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Meli ya utafiti ikija tena, jamani, wakimaliza kazi wafunge shuka jeupe pale dikoni usiku mmoja tu wawaonyeshe wavuvi walichokiona huko chini.

Wakati naondoka kaniomba nimrushie ile video, anataka kumwonyesha nahodha wake wa zamani.