Mamdogo alivyogoma kupiga picha

Jamani leo naandika habari za mamdogo wangu wa Sengerema, amenikubalia ila jina nisitaje. Damu ilimtoka kama miezi saba hivi, kuna kituo alikuwa anaenda wanampa dawa za UTI, dozi ikiisha wanampa nyingine, hata siku moja hakuna aliyemwambia mama panda kitandani tukuangalie mlango wa kizazi. Tulipomleta Mwanza wakachukua kinyama, majibu yakaja ni saratani ya mlango wa kizazi, daktari akaandika MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na altrasaundi ya figo. Hapo ndo akagoma. Wenzake wodini walishamwambia ile mashine inaonyesha umebakiza miaka mingapi, akaniambia "mwanangu, mimi siendi kusomewa siku zangu."

Na wenzake hawakumdanganya moja kwa moja. Picha inatabiri kweli, madaktari wanaijua hiyo na ndo maana wanaitaka, lakini siku ya kufa haipo mle ndani. Kilichopo ni uvimbe una ukubwa gani, maana ukivuka sentimita 4 mambo yanakuwa mazito, umetoka nje ya mlango wa kizazi au bado, tezi za limfu, vile vijitezi vya kinga ya mwili, zimeshikwa au hazijashikwa. Zamani hatua ya ugonjwa ilikuwa inapangwa hasa kwa daktari kupima kwa mkono, mwaka 2018 ndo shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO (ni kifupi cha jina lao, si figo za mwilini), likasema picha nazo zihesabiwe, kwa hiyo mtu mwenye uvimbe mdogo tu lakini tezi za nyonga zimeshikwa anaingia hatua ya tatu. Sasa tezi za juu kule tumboni, pembeni ya mshipa mkubwa wa damu, mkono utazifikiaje? Kama ugonjwa umefika huko mionzi inatakiwa ipandishwe nayo ifike, usipojua unatibu nyonga huku juu moto unaendelea kuwaka.

Daktari alimjibu kwa upole sana, "mama, mimi nataka kujua pa kupiga mionzi." Mamdogo akainuka mwenyewe akaenda kupiga picha.

Altrasaundi ikaonyesha figo ya kushoto imejaa maji. Hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu wengi hawajui. Uvimbe ukikua pembeni unabana mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, mkojo unarudi nyuma, figo inavimba kimyakimya, mara nyingi bila hata maumivu. Hiyo peke yake inakuweka hatua ya tatu na wanawake wa namna hiyo huwa wanaishi muda mfupi kuliko wenzao. Lakini pia kemo, yaani dawa ya saratani inayopewa kila wiki pamoja na mionzi, sisiplatini, ni dawa inayoumiza figo, kwa hiyo figo ikiwa mbovu hupewi, na usipopewa mionzi inapigana peke yake. Mamdogo aliwekewa mrija mkojo ukapita, kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, ikashuka, kemo ikaanza. Yaani kipimo cha kupakwa jeli tumboni, ambacho hata hospitali za wilaya wanacho, ndo kilichogeuza tiba yake, na ndicho alichokuwa anakikimbia!

Damu nayo ilikuwa chini. Kuna MRI ya kuchomwa sindano ya dawa, inaonyesha sehemu za uvimbe ambazo damu haifiki vizuri, na pasipofika damu hapafiki oksijeni, mionzi bila oksijeni nguvu inapungua. Tukachangia damu mimi na vijana wawili wa Kirumba, Mungu awabariki.

Halafu kuna picha ya baada ya tiba, nayo inasema mengi. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa St. Louis kule Marekani, wanawake 92 walipigwa PET kama miezi mitatu baada ya mionzi, hii ni picha inayofuata sukari kwa sababu saratani inakula sukari sana. Ambao picha ilikuwa safi, asilimia 78 walifika miaka mitatu ugonjwa haujarudi. Ambao ulibaki kidogo ni asilimia 33. Ambao ulitokea sehemu mpya, hakuna hata mmoja. Siku hizi watafiti wanaipa kompyuta picha za waliotibiwa zamani ijifunze yenyewe nani atapona, mi naona ni kazi nzuri ila wasije wakaifundisha kwa wanawake wa Ulaya tu halafu wakaileta hapa Kanda ya Ziwa, maana huku wengi wana VVU, wengine wanafika damu imeisha, mashine nazo hazifanani.

Mamdogo alimaliza mionzi ya nje na ya ndani. Wiki iliyopita amekuja kliniki, siku hizi ni daraja tu la Kigongo hadi Busisi, hakuna tena kusubiri kivuko. Safari hii hakuna aliyembembeleza, kabla hata sijakaa akanipa bahasha, "nisomee hapo kwenye figo." Imeandikwa figo ya kushoto iko kawaida, nikamsomea mara mbili kwa sababu alitaka mara mbili.