Dawa ya miezi sita ndani ya begi

Watu wenye wako mbali na Goma wananiulizaka mara mingi, ile wiki muji ulianguka mu mikono ya waasi wa M23, Januari 2025, wagonjwa wenu wa ukimwi walitoa wapi dawa? Naona kabisa wanangojea niseme ndege, ao makamyo ya ONU (Umoja wa Mataifa), ao ONG fulani ya misaada yenye ilipenya katikati ya risasi. Apana. Wengi wenye hawakukatisha dawa ni wale walikuwa nayo tayari kwa nyumba, ndani ya begi, mbele bomu ya kwanza ianguke. Wenye walikuwa wamebakiza vidonge tano sita njo tulihangaika nao, na wengine mpaka leo hatujawapata.

Miye si muganga. Niko reko, ni kusema mutu wa kartie mwenye anasaidia kufuata wagonjwa, na niko mugonjwa pia, nakunywa dawa tangu mbele ya volkano ya 2021. Ile volkano njo ilifunza wengi hapa. Tarehe 27 Mei watu waliambiwa wahame, muji ukashika njia ya Sake, wengine Gisenyi, wengine mashua ya Bukavu, mutu anatoka na godoro kichwani, na sufuria, na kuku, kopo la dawa linabakia juu ya kabati ju anafikiri jioni atakuwa amerudi. Kiisha ile mambo, wengi katika grupu yetu hawawekake tena kopo kwa kabati. Linalala ndani ya begi pamoja na karte ya lekta na diploma ya watoto.

Dawa yenyewe haina ngumu. Wengi wetu tuko kwa TLD, kidonge kimoja kwa siku, ndani yake tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Unameza na chakula ao bila chakula, na hii naisemaka kwa sauti kila mara ju katika kampi watu walikuwa wanaruka siku yenye hawajakula, wanasema dawa kali haiwezi kuingia mu tumbo tupu. Inaweza. Kuna kopo la 30, kuna la 90, kuna ata la 180. Na OMS, shirika la afya la dunia, inakubali kwamba mutu mwenye anaendelea muzuri apewe ya miezi 3 mpaka 6 kwa mara moja. Hiyo ilianzishwa kwa kupunguza foleni na transpor, lakini huku Kivu imekuwa akiba ya vita kabisa.

Sasa shida iko hapa: stoki ikipungua, sentre ya afya wanafanya nini? Wanagawa kidogo kidogo, mwezi moja moja, ili kila mutu apate. Naelewa, ata miye ningekaa kwa ile meza ningefanya vile. Lakini angalia matokeo yake. Adui akiwa Masisi, Sake inatetemeka, kila mutu anaona kwamba njia zitafungwa, na njo wakati ule ule mugonjwa anapewa kopo la 30 na randevu ya mwezi kesho. Unamupatia mutu randevu kwa muji wenye hujui kama utakuwa unaingilika. Kwa akili yangu, kusikia tu vita iko karibu ingepashwa kuwa sababu ya kufungua depo na kugawa yote, ata kama ma-etajeri yanabaki matupu. Dawa yenye iko mu depo wakati wa kuporwa si ya mugonjwa, ni ya mwizi. Na madepo ya misaada hapa Goma yaliporwa, hiyo kila mutu aliona.

M23 waliingia muji tarehe 27 Januari 2025. Umeme hakuna, maji hakuna, koneksioni hakuna, gereza la Munzenze likafunguka, uwanja wa ndege ukafungwa. Malopitali yakajaa watu wa risasi mpaka wanalala chini kwa koridori. Ukifika pale kwa miguu yako mwenyewe, hutoki damu, unasema tu randevu yangu ya dawa ilikuwa jana, nani atakuangalia? Ata wewe mwenyewe unasikia haya, unageuka unarudi.

Na siku zile zile, Washington nako kulikuwa kunawaka. Tarehe 20 Januari Trump alitia sinyatire ya kusimamisha misaada ya inje siku 90. Hapa watu wengi wanachanganya mambo, wanafikiri dawa yetu ilikatika ju ya ile karatasi. Si vile moja kwa moja. PEPFAR, programu ya Wamarekani ya kupigana na ukimwi, ilikuwa inafanya kazi sana sana Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba. Huku Kivu tunategemea zaidi Fonds Mondial, mufuko wa dunia wa kupigana na ukimwi, kifua kikuu na malaria (ndani yake pia Marekani njo inatoa kubwa kupita wote, kwa hiyo usifurahi haraka). Nakumbuka koneksioni ilirudi, na yaya mumoja wa Lubumbashi, reko kama miye, ananitumia odio WhatsApp, nafikiri anauliza kama tuko wazima. Alikuwa analia ju yake mwenyewe: kazi imesimama, ofisi imefungwa, wagonjwa wanakuja wanakuta mulango na kufuli. Yeye hakusikia risasi ata moja. Tukacheka kidogo tu, ile kicheko ya kukosa namna.

Kiisha kukaja mambo ya makampi. Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya, watu wa Masisi na Rutshuru walikuwa wamekaa mule miezi na miaka. Mwanzo wa Februari wakaambiwa saa 72 wawe wametoka. Baadaye ikasemwa eti ni kwa kupenda, lakini wewe ukiona jirani anakunja bashi yake, ile plastiki ya hema, unangoja nini? Kwa siku chache makampi yenye tulikuwa tunajua kila njia yake yakageuka uwanja wa mawe na vipande vya bashi. Mutu mwenye randevu yake iko Bulengo, yeye sasa iko Sake, ao Kibumba, ao juu kule Masisi kwenye sentre yenyewe waganga walikimbia na vitanda viliibwa.

Hizo saa 72, kwa sisi wa hii kazi, ni mpaka mwingine tena. Mwanamuke mwenye amebakwa anapashwa kuanza dawa ya kuzuia virusi mbele saa 72 ziishe, anakunywa siku 28. Ile wiki wanawake walibakwa na barabara zilikuwa zimefungwa. Siandike zaidi ya pale.

Namna tulitafuta watu, nieleze ju hiyo haiandikwake kwa maripoti. Kaye moja, bila jina ata moja. Alama tu, na namba ya simu ya jirani ao ya mutu wa kanisa, ju simu za wengi ziliibwa. Hupige simu useme «dawa yako». Unauliza kama muchele imebakia ngapi. «Imebakia ya siku tatu.» Basi unaanza kuuliza nani mwingine iko upande ule, nani iko na kopo la 90 na anaweza kukopesha vidonge kumi. Ndiyo, tulikopeshana, najua wakubwa hawapende kusikia ile. Lakini kwa masharti: TLD kwa mwenye iko kwa TLD, na mutoto mudogo hapana. Dawa ya mutoto inafuata kilo, ile ya 10 miligramu yenye inayeyuka mu maji, hukate kidonge cha mukubwa ukampe. Kuanzia kilo 30 njo anaweza kunywa TLD kama sisi. Na mwenye iko kwa dawa ya kifua kikuu anahitaji dolutegraviri ingine kiisha saa 12, ju rifampisini, yenye iko mu ile dawa ya kifua kikuu, inaishusha, ule usimukopeshe tu kidonge kimoja ukafikiri umemusaidia.

Mama mumoja wa Rutshuru, mukubwa wa kunizaa, nilimukuta Lushagala mbele kampi ivunjwe. Bashi moja, watu sita, na shemeji yake ndani, mwenye hajui kitu. Nikamuuliza, «Mama, kopo unafichaka wapi?» Akanionyesha ndoo ya unga ya muhogo, akazamisha mukono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kopo limefungwa mu sashe mbili. «Mwanangu, wanaume hawaingilie mambo ya unga.» Alikuwa ametoa karatasi ya juu na kujaza pamba ndani, ju vidonge vinalia. Kopo lenye limefika nusu linalia kama kayamba, kwa barieri unatembea na kila mutu anasikia. Ile pamba niliifundisha wengine wengi kiisha pale. Toa etiketi ukitaka, lakini acha vidonge ndani ya kopo lao na kale kasashe kadogo ka kukausha, usivimwage mu plastiki, unyevu wa bashi unaviharibu.

Wengine walichoma ata fishi yao ya matibabu, kwa woga wa kushikwa nayo. Halafu mutu anafika kwa sentre ingine anaambiwa alete karatasi ya transferi. Papa mumoja walimurudisha hivyo, sentre siitaje, eti akatafute transferi Masisi. Masisi kwenye alitoka anakimbia! Alienda akakaa kwa nyumba, aliona haya kurudi, na tulimupata amekonda. Mutu anasema niko kwa TLD, anakuonyesha ata foto ya kopo kwa simu, umupatie, karatasi itafuata. Kama huna uhakika, pima tena, teste ya haraka haichukue ata nusu saa.

Haya inaua kupita risasi katika hii mambo. Karibu kila mwenye alikatisha siku kumi, mwezi, miezi miwili, anafikiri akirudi atatukanwa, na kweli kuna kwenye wanatukana. Virusi vinapandaka tena mu wiki chache ukiacha, hiyo ni kweli, lakini dolutegraviri inavumilia sana, haishindwe haraka kama dawa za zamani. Unarudi, wanakuangalia kama huna ugonjwa mwingine, unaanza tena kidonge kimoja. Si viwili kwa kulipa deni.

Feza sitasema sana: mabanki yalifungwa, reko mwenye alikuwa anapata kitu kidogo ya kulipa moto (pikipiki) akaanza kwenda kwa miguu, na ukitumiwa kwa simu, wa kukutolea anakula yake mukubwa. Damu ya kupima virusi toka milimani haishuke vile inapashwa. Bukavu nako kulianguka katikati ya Februari, kwa hiyo ata wale walivuka ziwa na kopo moja walijikuta pale pale.

Leo tunachoomba kwa kila sentre ni miezi mitatu kwa kila mutu, sita kwa wenye wanaishi mbali, na isingojee mpaka kuwe kimya, ju kimya haikuje. Na wewe mwenye unasoma hii uko Minova, Kalehe, Kiwanja, ao kwenye uko: ukihesabu ukaona vidonge havifike wiki mbili, usingoje randevu. Enda kwa sentre yenye iko karibu na pahali utalala usiku wa leo, sema jina la dawa yako, wakikukatalia ju ya karatasi uliza reko wa pale. Kuna mumoja karibu kila kartie, na mara mingi naye iko na kopo lake mu begi.