Miiba ya F3 imetoweka

Jana usiku, saa tano kasoro, miiba ilitoweka kwenye picha ya matabaka ya ardhi ninayoyarudisha nyuma kwa wakati kwa kompyuta. Niliendesha programu mara tatu ili nijiridhishe, na mara zote miteremko ya ile delta ya kale ya Bahari ya Kaskazini ilijichora laini, haina jino hata moja. Wiki mbili nzima nilikuwa naikodolea macho picha hiyohiyo. Nimefurahi mno.

Data ni zilezile za F3 za Uholanzi (vipimo vya mitetemo vinavyoonyesha matabaka chini ya bahari), kwa kuwa ziko wazi kwa kila mtu. Kazi nayo ni ileile: vua tabaka la juu, fumua mgandamizo wa yaliyobaki, rudi nyuma hatua moja, rudia. Hatua mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu, pale matabaka yanapokonda kwenye nyayo za klinofomu (yale matabaka ya delta yanayoteremka), picha iliota miiba, na kila hatua iliyofuata ikairefusha.

Nikailaumu fomula. Nikachukua tabaka la tope la kutoka mita 1,000 hadi 1,500, nikaweka thamani za mgandamizo za watafiti Sclater na Christie za 1980 (uwazi wa 0.63 juu kabisa, unaopungua kwa kiwango cha 0.51 kwa kila kilomita), nikapiga hesabu kwa kalkuleta: likipandishwa hadi juu linafura kutoka mita 500 hadi kama 707. Programu nayo ikasema 707. Nikaondoa njia ya Newton ya kutafuta jibu la mlinganyo, nikaweka njia ya kugawa nusunusu. Miiba ileile, mahali palepale! Hapo nilipaswa kushtuka, maana njia mbili tofauti hazikosei sehemu moja.

Kumbe kosa lilikuwa kwenye mipaka ya matabaka niliyoichora mwenyewe. Penye miiba, mpaka wa juu ulikuwa umepita chini ya mwenzake kwa sampuli moja tu: milisekunde 4 za kwenda na kurudi, yaani mita 4 kwa kasi ya mita 2,000 kwa sekunde. Tabaka lenye unene wa hasi mita 4, na fomula inalipokea bila kulalamika.

Kwanza nikaamuru kwamba popote inapopishana, wa juu ukate wa chini. Miiba ikaisha, lakini nyayo zikakatika kana kwamba zimemomonyoka, na hazikumomonyoka. Panapokuwa na mmomonyoko, kweli wa juu ndio unaokata. Lakini mashapo mapya yakilalia ya zamani, wa chini ndio unaobaki, wa juu unatulia juu yake. Hilo ni swali la jiolojia, na sharti nilijibu mimi, mpaka kwa mpaka. Sasa kila mpaka una nafasi ya alama yake: unakata au unalalia.

Jupyter, daftari la kuandikia programu kwa seli, nimeachana nayo kwa kazi hii. Ukiendesha seli bila mpangilio inakubakizia thamani za jana. Skripti ya kawaida, segyio ya kusomea faili za mitetemo, programu ya OpendTect ya kuchorea mipaka, basi. Na kila hatua inajihifadhi kwenye diski, maana hapa Soweto, Moshi, umeme umekatika mara mbili wiki hii katikati ya hesabu.

Nilipanga sasa niingize Airy (jinsi ukoko wa dunia unavyoelea na kuzama kwa uzito) na uzito wa maji. Nimeiweka kando. Alama hizi zinanipa karibu kila kitu cha kuchorea mchoro wa Wheeler, unaopanga matabaka kwa wakati badala ya kina, niyaone mapengo ya wakati yenyewe, na siwezi kusubiri. Mipaka mitano kati ya minane imeshapata alama. Wa sita unanitesa: upande wa mashariki unakata, ukishuka bondeni unalalia kwa upole, na nafasi niliyoiweka ni ya alama moja tu.