Uwii, mkono wangu!

Njombe na Julai yake. Jana saa tano usiku nilikuwa bado nachapa kumbukumbu za kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kurasa 11 za "mjumbe alichangia" na "kikao kiliafiki". Vidole vikagoma. Nikajifunga blanketi, na badala ya kwenda kulala nikafungua tena picha za kile kitabu.

Ni sarufi ya Kilatini ya Priscian, iliyonakiliwa na Waayalandi karibu mwaka 850. Leo imehifadhiwa St. Gallen, Uswisi. Ukavu wake usiuulize. Pembeni na katikati ya mistari wameongeza maelezo zaidi ya 9,000, mengi kwa Kilatini, maelfu kwa Kiayalandi cha kale. Karibu yote ni kazi tupu: neno hili maana yake hii. Ila hapa na pale mtu anachomoza kichwa.

"Uwii, mkono wangu!" kaandika mmoja. Kwingine: ngozi mpya, wino mbovu, halafu anajiziba mdomo, sisemi zaidi. Kuna anayeiombea baraka roho ya Fergus, anaitikia amina, na papo hapo anaongeza kwamba baridi inamuua. Nilicheka peke yangu, nimevaa soksi pea mbili.

Juu ya ukurasa wa 204 kuna neno moja tu, latheirt, kwa ogham, ile hati ya mikwaruzo waliyokuwa wakichonga kwenye kingo za mawe. Wazee wao walilichambua hivi: pombe imetuua. Huyo alihitaji kuzimua, si sarufi.

Humo humo pembeni kuna shairi la upepo, na ndilo lililonikalisha zaidi. Upepo ni mkali usiku huu, anasema, unazitimua nywele nyeupe za bahari. Basi hana hofu ya wapiganaji wa Norwe kuvuka. Mimi nimekulia Tanga, ambako wazee wakiusimulia upepo wa kaskazi wanasimulia majahazi yaliyokuja nao. Kumbe kuna mahali mtu alilala usingizi kwa sababu upepo haumleti mgeni.

Karne tatu baadaye, katika Kitabu cha Leinster, hati nyingine ya Waayalandi, mnakili anamaliza hadithi ndefu ya vita vya kugombea fahali wa Cooley. Kwa Kiayalandi anambariki kila atakayeihifadhi bila kuibadili. Kisha anageukia Kilatini: mimi niliyeiandika siyaamini baadhi ya mambo ya humu, mengine ni ulaghai wa mashetani, mengine ni ya kuwafurahisha wajinga. Namwelewa sana. Ukurasa wa saba wa kumbukumbu zangu nimeandika "kwa kauli moja", na nilikuwepo, nilisikia zile kelele.

Leo asubuhi nimetoa nakala ya jalada. Chini kabisa, karibu na mstari wa sahihi, nikaandika kwa penseli, herufi ndogo: vidole vimekufa ganzi. Mwenyekiti kaweka sahihi yake juu yake bila kuona.